Kunja Likiwa Kavu: Uhakiki wa Ushauri Mzuri Usioijua Newala

Desemba iliyopita niliharibu turubai la mjomba. Siyo kwa makusudi, na siwezi hata kujitetea kwamba sikusoma, maana niliharibu nikiwa mwanafunzi wa uzamili anayesomea vitambaa. Ndiyo maana makala hii imenichukua muda kuiandika.

Mjomba yuko Newala. Ana Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, nyuma ina mabomba ya chuma yaliyopinda na juu yake turubai la pamba. Siku ile tulishuka nayo Masasi kuchukua mlango wa mbao na fremu za madirisha. Mzigo ukawa mrefu, tukavua turubai, tukalifunga kwa kamba juu ya mzigo. Wakati wa kurudi, tulipoanza kuupanda uwanda jioni, manyunyu yakatukuta. Tumefika Newala usiku, nimechoka, nikalikunja hivyohivyo likiwa bichi. Nikalikandamiza kwa magoti mpaka likawa pembe nne safi kama shati la dukani, nikalisukuma stoo. Gari likaenda gereji kusubiri spea, siku tisa zikapita.

Tulipolifungua, harufu ilitutangulia. Madoa meusi yalikuwa yamejipanga kufuata mikunjo yangu. Tukalipiga brashi, tukalifunga garini, tukasema litafaa. Wiki iliyofuata mvua ikatukuta njiani na magunia ya korosho tunayapeleka chama cha msingi. Maji yalipita palepale kwenye mikunjo, mstari kwa mstari, kama mtu amechora kwa rula. Magunia matatu yaliloa. Tukayaanika upya, lakini korosho ikishaloa rangi yake haidanganyi mpimaji. Yakaingia daraja la pili.

Mjomba hakufoka. Aliniambia tu: "Mpwa wangu, si ndo hivyo vitambaa unavyosomea?"

Basi nikaenda kusoma. Safari hii sikusoma vitabu vya darasani, nilisoma miongozo wanayosoma wenye magari ya zamani ya paa la kukunja. Iko mingi, na karibu yote inarudia kanuni nne: kunja likiwa kavu, kunja bila kulivunja mgongo, osha kwa maji na sabuni laini, kisha paka dawa ya kuzuia maji. Leo nataka kuzihakiki kanuni hizo moja baada ya nyingine. Swali langu ni kama zinamfaa mtu wa Masasi na Newala. Kama ni za kweli maabara, hilo ni swali jingine.

Kwanza: miongozo inasahau kuuliza

Kasoro kubwa kuliko zote iko kabla ya kanuni ya kwanza. Mwongozo unasema "turubai lako" kana kwamba kuna turubai la aina moja duniani. Wakati "paa la kitambaa" linaweza kuwa vitu vinne tofauti kabisa.

Kuna turubai la pamba lililopakwa nta au dawa, kama la mjomba. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa na turubai la namna hii, na vizazi vilivyofuata viliendelea kuuzwa hivyo kwa miaka mingi. Kuna kitambaa cha tabaka tatu, mpira katikati na nguo pande mbili. Wazo hilo linatokana na hataza ya Charles Macintosh ya mwaka 1823, na ndilo linalotumika mpaka leo kwenye magari ya starehe ya paa la kukunja. Kuna vinili, yaani plastiki ya PVC iliyopakwa juu ya kitambaa. Halafu kuna yale maturubai ya buluu na ya kijani ya polyethilini tunayoanikia korosho na kufunikia malori.

Hivi vinne havifi kwa ugonjwa mmoja. Pamba huliwa na kuvu. Vinili haiogopi kuvu sana, lakini hukauka na kupasuka. Polyethilini huvunjwavunjwa na jua mpaka inakuwa kama maganda ya kitunguu. Tabaka tatu huachana gundi. Kumpa kila mmoja ushauri uleule ni kama daktari anayetoa vidonge vilevile kwa foleni nzima.

Kama hujui lako ni lipi, chomoa uzi mmoja pembeni, kaa mbali na gari, uuchome kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na kuacha jivu laini. Plastiki huyeyuka, hujikunja na kuacha kipunje kigumu. Jaribio la nusu dakika, na sikuliona kwenye mwongozo hata mmoja.

Kanuni ya kwanza: kunja likiwa kavu

Hii ni kweli tupu. Kwa Kiswahili tuna bahati ya neno moja lenye kazi mbili: ukungu. Ukungu wa asubuhi unaotanda Newala, na ukungu unaoota kwenye mkate. Wa kwanza ndiye anayemlea wa pili.

Pamba ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya sukari iliyoungana. Kuvu hana meno. Anamwaga vimeng'enya vinavyokata mnyororo ule vipandevipande, kisha anafyonza sukari. Ili afanye kazi hiyo anahitaji unyevu, joto la wastani na hewa isiyotembea. Turubai bichi lililokunjwa stoo lina vyote vitatu. Yale madoa meusi si uchafu ulioganda juu, ni alama za mlo. Ndiyo maana kuyasugua kwa jiki ni kosa la pili juu ya la kwanza. Jiki inang'arisha doa, lakini nayo inaishambulia selulosi ileile. Unabaki na turubai jeupe, jembamba na lililochoka.

Sasa uhakiki. "Kunja likiwa kavu" ni amri inayodhani una muda wa kusubiri. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa. Simama Shimo la Mungu uone ardhi inavyodondoka kuelekea bonde la Ruvuma. Hewa inayopanda ukingo ule hupoa, na hewa iliyopoa hushindwa kubeba mvuke wake wote. Kwa hiyo turubai lililokuwa kavu saa kumi jioni linaweza kuwa na umande saa moja asubuhi bila tone la mvua. Masasi chini kule, katikati ya vilima vya mawe, hewa ina joto zaidi na kitambaa hukauka upesi. Turubai lilelile siku ileile linataka ratiba mbili.

Mwongozo ungekuwa na faida kama ungesema hivi. Newala, kunja kati ya saa sita na saa tisa mchana, siyo asubuhi na siyo usiku. Usiamini uso wa juu, bonyeza kiganja kwenye mishono na kwenye pindo, maana hapo nyuzi ni nene na maji hukaa muda mrefu. Na kama umelazimika kukunja bichi, kama mimi, basi usikunje, kusanya tu. Lilegeze, litundike kwenye kamba au juu ya mabomba ya gari lenyewe, na kesho yake lifungue hata kama umechoka. Kuvu hahitaji mwezi. Siku tisa zilimtosha kabisa.

Kanuni ya pili: usilivunje mgongo

Hapa miongozo inasema "usikunje kwa mkunjo mkali" na kuishia hapo. Hawaelezi kwa nini, na bila sababu mtu hashiki. Tupige hesabu ndogo.

Ukikunja kitu, upande wa nje unavutwa na upande wa ndani unabanwa. Kiasi cha kuvutwa ni unene wa kitu gawanya kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha mkunjo. Chukua turubai la unene wa milimita 1. Ukilikandamiza kwa magoti mpaka nusu kipenyo kinabaki milimita 1, upande wa nje unatakiwa kurefuka kwa asilimia 50. Ukiweka blanketi lililoviringishwa ndani ya mkunjo, nusu kipenyo kikawa milimita 25, urefukaji unashuka hadi asilimia 2. Blanketi moja, tofauti mara ishirini na tano.

Utauliza: uzi wa pamba hukatika ukivutwa hata asilimia kumi tu, mbona turubai halikatiki mara moja? Jibu ndilo linalonipendeza zaidi katika kitambaa. Kitambaa hakijaganda, ni maelfu ya nyuzi zinazolala juu ya nyuzi. Ukikikunja, nyuzi zinateleza na kupishana, mzigo unagawanyika. Utando mgumu kama plastiki hauwezi kuteleza, unabeba urefukaji wote peke yake. Vinili mpya ni laini na inavumilia. Inapozeeka, vile vilainishi vilivyochanganywa ndani yake huhama taratibu, na siku moja asubuhi ya baridi unaikunja inalia *ka!* kama biskuti.

Kwa hiyo turubai la pamba lina msamaha mkubwa kuliko vinili, ila kwa masharti. Ukilipaka rangi ya mafuta ili "lisivuje", umezigundisha nyuzi. Ukiacha mchanga ndani ya mkunjo, umeziwekea msasa. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, na chembe za mchanga wa kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, sembuse uzi. Na yale madirisha ya plastiki ya nyuma yanachubuka kwa vumbi hilohilo. Usiyakunje kamwe. Yaache yalale bapa, na katikati weka kitambaa laini.

Jambo moja zaidi ambalo sikulikuta popote: badilisha mahali pa kukunjia. Sisi binadamu tunapenda kufuata mstari wa jana. Turubai linataka mstari mpya kila safari, au bora zaidi, liviringishwe kama mkeka. Bibi zetu hawakukunja mikeka pembe nne, na hawakuhitaji hesabu yangu ya hapo juu.

Kanuni ya tatu: osha kwa maji mengi na sabuni laini

Hii ndiyo kanuni iliyonichekesha, kisha ikanikera. "Suuza kwa maji mengi mpaka povu liishe." Aliyeandika anaishi kwenye bomba. Uwanda wa Makonde unajulikana kwa shida ya maji. Mvua inanyesha vizuri, lakini inazama kwenye udongo wa kichanga na kutokea chini kabisa, mabondeni. Vizazi vimeshuka na kupanda uwanda na ndoo kichwani, na mradi mkubwa wa maji wa Makonde ulianzishwa tangu enzi za ukoloni kwa sababu hiyo. Mtu hawezi kumwambia shangazi wa Newala amwage madumu sita juu ya turubai.

Na wala hakuna sababu ya kisayansi ya kumwambia hivyo. Adui mkubwa wa turubai letu kwa miezi mingi ni vumbi, na vumbi kavu linataka brashi kavu. Litundike, lipige kwa upande wa ndani, sugua kwa brashi laini kufuata uelekeo wa nyuzi. Ukilimwagia maji kidogo umegeuza vumbi kuwa tope na kulisukuma ndani zaidi.

Sabuni nayo ina mambo yake. Maji safi yana mvutano wa uso wa takriban milinyutoni 72 kwa mita. Ni huo mvutano unaofanya tone lisimame kama shanga juu ya kitambaa chenye nta badala ya kujipenyeza katikati ya nyuzi. Sabuni inaushusha mpaka chini ya nusu, ndiyo kazi yake. Sasa ukiosha turubai kwa sabuni ya unga ukaisuuza nusunusu kwa sababu maji hayatoshi, umeacha sabuni ndani ya nyuzi. Mvua ijayo inaiyeyusha, tone linalegea, linapita. Watu husema turubai "limezeeka". Mara nyingi halijazeeka, lina sabuni.

Kwa hiyo kwa Newala ningeigeuza kanuni: brashi kila wiki, maji matupu kwa doa tu, sabuni mara moja kwa mwaka, na siku hiyo iwe ya mvua nzito. Acha mbingu zisuuze, bure, kwa lita nyingi kuliko utakazoweza kuteka. Baadaye lianike siku nzima.

Kanuni ya nne: paka dawa

Kanuni sahihi, lakini dawa zinazotajwa hazipatikani Masasi. Pengo hilo limejazwa na oili chafu ya injini. Nimeona kwa macho: mtu anachukua brashi na kopo la oili nyeusi, anapaka turubai zima, linang'aa, maji hayapiti. Kwa wiki kadhaa. Oili iliyotumika ina asidi zilizotokana na kuungua na ina chembe za chuma, inakamata vumbi lote la barabara, inachafua mzigo na inawaka moto kirahisi. Ukibeba korosho chini ya turubai la namna hiyo, usishangae zikikataliwa kwa harufu.

Nta ndiyo jibu, na nta tunayo. Nta ya nyuki au ya mshumaa, iyeyushwe kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya maji ya moto, isiwekwe motoni moja kwa moja. Ipakwe nyembamba juani ili kitambaa kiinywe, siyo kiivae. Anza na mishono. Lakini usilipake kuvu: ukiziba madoa hai kwa nta umewafungia wageni chumbani.

Na jua kwamba pamba ina ulinzi wake wa asili. Uzi wa pamba ukinywa maji hunenepa na kuziba matundu yaliyo kati yake na jirani yake. Ndiyo maana fundi akibadilisha uzi wa mshono, mwambie atumie wa pamba. Nailoni ni imara kweli, lakini hainenepi kama pamba, na tundu la sindano linabaki wazi. Unenepaji huohuo hulikaza turubai zima mvua ikinyesha, kwa hiyo legeza kamba kidogo kabla, la sivyo pete zitang'oka na vipande vya kitambaa.

Kisichosemwa kabisa

Kuna mambo mawili ambayo hakuna mwongozo wa ng'ambo ungeweza kuyajua.

La kwanza ni salfa. Kuanzia Juni tunapuliza unga wa salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiri unga, na mifuko ya salfa inasafiri chini ya maturubai haya. Ule unga wa njano ukibaki kwenye nyuzi zenye unyevu, bakteria wanaweza kuubadilisha polepole kuwa asidi ya salfa, na asidi hukata selulosi kwa ustadi kuliko kuvu. Kung'uta turubai baada ya safari ya salfa ni muhimu kuliko kuliosha baada ya safari ya tope.

La pili ni jua. Masasi na Newala ziko karibu digrii 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari na tena baada ya tarehe 20 Oktoba hivi. Hiyo ya pili ndo msimu wa korosho unaanza, gari limesimama ghalani saa nne likisubiri foleni. Miongozo imejaa hofu ya mvua. Sisi tungehitaji ukurasa mzima juu ya kivuli. Paki chini ya mkorosho, ni hivyo tu.

Hukumu

Kanuni nne si uongo. Ya kwanza na ya pili ni za dunia nzima. Ya tatu inahitaji kuandikwa upya na mtu aliyewahi kubeba ndoo. Ya nne inahitaji kumtazama aliye na kopo la oili mkononi na kumwonyesha nta, badala ya kumtajia chupa asiyoweza kuinunua. Ushauri unaotekelezeka nusu ni hatari, kwa sababu mtu hutekeleza ile nusu inayodhuru: sabuni bila suuza, rangi bila sababu, mkunjo safi wa kupendeza juu ya kitambaa kibichi.

Na mimi nihukumiwe pia. Nilijua vimeng'enya vya kuvu kwa majina. Sikujua kwamba mjomba, katika miaka yote aliyokuwa na gari lile, hakuwahi kulilaza turubai stoo. Alikuwa akilitundika kwenye kenchi juu ya jiko la kuni, likiwa limeviringishwa juu ya mti wa mwembe uliokauka. Moshi, joto, hewa inayotembea, mkunjo mpana: kanuni zote zimo kwenye kijiti kimoja. Sikumuuliza, nilikuwa na haraka ya kumwonyesha jinsi ya kupanga.

Vijana wake wanataka waweke bati, yaishe. Mjomba anasema bati halikunjwi, na siku ya mlango mrefu watafanyaje? Nimechanga nusu ya bei ya turubai jipya la pamba. Nusu nyingine atatoa yeye, korosho zikiuzwa, na safari hii kwa daraja la kwanza, Mungu akipenda. Masharti yake ni moja tu: nikienda likizo, nisilikunje.